Alikuja na begi, lakini bati alileta nani?

Ni kaunta buku ya jalada gumu, imechakaa pembeni kwa kushikwa na mikono yenye saruji. Ndani yake binamu yangu aliandika kila kilichoingia kwenye nyumba ya Nkuhungu, hapa Dodoma, kuanzia 2018 hadi 2022. Ukurasa wa kwanza: bati 46, geji 30. Chini yake mbao za kenchi, misumari, nauli ya kirikuu kilichobeba mizigo, chakula cha mafundi siku tatu. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, ameandika tarehe aliyochukua fedha za kikoba, kikundi chao cha kuweka na kukopa. Kurasa zinazofuata ni mifuko ya saruji na tripu za mchanga wa plasta, shimo la choo, nyaya na mita ya umeme. Bati na kenchi 3,180,000. Plasta na sakafu 1,900,000. Choo 1,450,000. Umeme 620,000. Jumla shilingi 7,150,000.

Siku ya baraza la usuluhishi wa ndoa aliibeba ndani ya khanga. Mume wake hakuikana hata mara moja. Alisema tu, kwa utulivu kabisa, "Kiwanja ni changu, kuta za boma nilikuwa nazo kabla sijamuoa. Alikuja na begi, aondoke na begi." Wazee wawili upande wa baraza wakaitikia kwa kichwa. Mimi nilikaa benchi la nyuma, ndugu msindikizaji, nisiye na ruhusa ya kusema. Wiki ile ile binamu yangu alikuwa bado analipa marejesho ya fedha zilizopiga plasta nyumba ambayo hakuwa analala tena.

Kauli hiyo ya begi nimeisikia Chang'ombe, nimeisikia Kikuyu, nimeisikia kwenye msiba Bahi ikisemwa na wanawake wenzetu. Inasemwa kama sheria. Nami nashikilia kwamba si sheria, na tena haijawahi kuwa sheria tangu nchi hii ilipotunga Sheria ya Ndoa ya 1971. Aliyeiboresha nyumba ya mwenzake ana sehemu ndani ya nyumba hiyo. Si fadhila atakayopewa mlangoni, ni sehemu yake.

Tuanze na pale ambapo mume yule alikuwa sahihi, kwa sababu kuna kipande cha ukweli katika maneno yake. Kifungu cha 58 cha sheria hiyo kinasema ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali. Ukiingia kwenye ndoa na kiwanja, kiwanja hakigeuki cha wawili kwa sababu mmefunga ndoa. Na kifungu cha 60 kinasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja itachukuliwa kuwa ni ya huyo mmoja, hadi mwingine athibitishe vinginevyo. Hapo ndipo wengi wanapoishia kusoma, au ndipo walipoishia kusimuliwa.

Kifungu cha 114 ndicho kinachohusu siku ya kuachana. Mahakama inapotoa talaka au amri ya kutengana ina mamlaka ya kugawa mali zilizopatikana kwa juhudi za pamoja. Inatakiwa itazame desturi za jamii ya wahusika, mchango wa kila mmoja uwe wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote wawili, na mahitaji ya watoto. Baada ya kuyapima hayo, ielemee kwenye usawa. Halafu kinakuja kijifungu cha tatu, ambacho ningependa kibandikwe ukutani katika kila ofisi ya kata: mali iliyopatikana wakati wa ndoa ni pamoja na mali ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa, ikiwa imeboreshwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa na yule mwenzake, au na wote wawili kwa pamoja.

Tazama sheria inavyofanya hapo. Haisemi mwenye daftari arudishiwe fedha zake kama mtu aliyekopesha. Inasema nyumba yenyewe inaingia kwenye fungu la mali zitakazogawiwa. Boma lisilo na paa, ambalo mvua ya Desemba ilikuwa inaanza kulimung'unya kwenye kona, likawekewa paa, sakafu, choo na umeme, watu wakahamia. Kama huko si kuboresha kwa kiasi kikubwa, sijui kiasi kikubwa kitaanzia wapi. Kupaka rangi sebuleni na kununua mapazia, hapana, hayo hayafiki. Lakini kati ya boma na nyumba kuna umbali ambao kila aliyejenga Dodoma anaujua kwa mifupa yake.

Na hapa Dodoma jambo hili lina uzito wake wa pekee. Mji huu uliteuliwa kuwa makao makuu 1973, ukapimwa na kugawiwa viwanja na CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, kwa miaka zaidi ya arobaini, kisha mamlaka hiyo ikavunjwa 2017. Katikati ya hapo, 2016, Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali inahamia kweli, na Aprili 26, 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Watu waliokuwa na kiwanja Nzuguni, Ihumwa au Iyumbu ambacho hakuna aliyekitamani, wakaamka madalali wako mlangoni. Ndoa nyingi ninazoziona zikivunjika sasa hivi zilianza kabla ya kupanda huko kwa bei, zikajenga wakati bei inapanda, na zinagawana baada ya bei kupanda. Kwa hiyo ugomvi haubaki kwenye bati na saruji. Unafika kwenye thamani ambayo hakuna kati yao aliyeileta kwa mkono wake.

Mume husema: hata asingeleta bati, kiwanja kingepanda tu, kwa hiyo huo mpando ni wangu. Ni hoja yenye nguvu na nimeifikiria sana. Jibu langu liko katika neno moja linaloandikwa kwenye hati za mji huu na ambalo mafundi, maofisa ardhi na wananchi wote wanalitumia: kuendeleza. Anayemilikishwa kiwanja cha kupimwa hupewa na masharti ya kukiendeleza, na asipoyatimiza, umiliki unaweza kufutwa. Wako watu Dodoma waliopoteza viwanja kwa sababu vilibaki vichaka. Wako na wengine waliouza kwa bei ya kutupa kwa kuhofia kunyang'anywa. Yule aliyeweka paa mwaka ambao mwenye jina hakuwa na shilingi hakuleta bati tu. Alikilinda kiwanja kisifutwe wala kisiuzwe, kikaendelea kuwa cha familia mpaka bei ikapanda kikiwa bado mikononi mwao. Sasa utasemaje kwamba mpando haumhusu?

Sisemi agawiwe nusu kwa nusu papo hapo. Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba kiasi cha mchango ni jambo la ushahidi, na asiyeleta ushahidi asiilaumu mahakama. Ninachosema ni kwamba mpando wa kiwanja usiondolewe mezani kabla hesabu haijaanza.

Hesabu yenyewe ndiyo inayowashinda wengi, hata wasuluhishi wenye nia njema. Siku ile mzee mmoja wa baraza, baada ya kuguswa na lile daftari, alipendekeza, "Bwana, mrudishie mama milioni zake saba, muachane kwa amani." Nilimwona binamu yangu akikaribia kukubali. Ni pendekezo la huruma, na ni la dhuluma, bila mzee mwenyewe kujua.

Tuseme kiwanja na boma 2018 vilikuwa na thamani ya milioni 15. Tuseme leo nyumba ile inauzika kwa milioni 45, na mtaa ule ule boma tupu kama lile la mwanzo linauzika kwa milioni 28. Basi milioni 13 zimeletwa na mji kukua, na milioni 17 zimeletwa na kuboresha. Kama mke alitoa milioni 7.15 na mume akaongeza milioni 2.85 za milango na madirisha, jumla ni milioni 10, na sehemu ya mke katika maboresho ni asilimia 71.5. Asilimia hiyo ya milioni 17 ni zaidi kidogo ya milioni 12. Na hapo hatujagusa zile milioni 13 za mji, wala hatujagusa kazi ya mikono. Ukimrudishia milioni saba za 2018 hadi 2022 unamlipa kwa bei ya bati la zamani, halafu nyumba ya leo unampa mwenzake. Saba hizo leo hazinunui kiwanja cha maana Dodoma mjini, achilia mbali kukipaua.

Mahakama haifungwi na kanuni yangu hii, ina njia zake na ina hiari yake. Lakini msuluhishi wa kata anahitaji kianzio, na kianzio sahihi ni thamani iliyoongezeka, si risiti. Risiti inathibitisha nani alitoa. Haithibitishi kilichotolewa kimekuwa nini.

Nimetaja kazi ya mikono. Hili nalisema kwa ukali kidogo kwa sababu ndilo linalosahaulika haraka kuliko yote. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitoa uamuzi katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Bi Hawa mwenyewe hakushinda rufaa yake, lakini mahakama iliweka msingi ambao umewabeba wanawake wa nchi hii mpaka leo: kazi za nyumbani za mke, kupika, kulea, kutunza nyumba, ni mchango katika kupatikana kwa mali za ndoa. Na Sheria ya Ardhi ya 1999, katika kifungu cha 161, inakwenda mbali zaidi pale ardhi inapokuwa kwa jina la mmoja. Mwenzi aliyechangia kwa nguvu zake katika uzalishaji, utunzaji na uboreshaji wa ardhi hiyo anahesabiwa kuwa na maslahi ndani yake.

Nguvu zake. Bibi yangu mzaa baba, huko Mvumi, alikandika tembe, nyumba yake ya udongo, kila mwaka kabla ya mvua. Maji aliyatoa korongoni kwa kuchimba mchanga, akabeba kichwani, akakanyaga udongo kwa miguu, akaupandisha kwenye dari ya tembe kwa karai. Bila hivyo tembe lingeanguka msimu wa pili. Hakuna daftari lake. Na mjukuu wake, binamu yangu, kule Nkuhungu mwaka wa plasta, alikuwa anaamka saa tisa usiku kukinga maji siku ya mgao ili mafundi wakifika saa moja wakute mapipa yamejaa, kwa sababu maji ya kununua kwa madumu yangemaliza bajeti. Fundi wa plasta bila maji anakaa chini ya mti na posho yake unailipa. Maji yale hayamo kwenye kaunta buku. Nilimuuliza kwa nini hakuyaandika. Akanijibu, "Dada, maji nayo nayaandika?"

Ndiyo, nayo yanaandikwa.

Sasa tuje kwenye deni, maana hapa ndipo watu wanaumia wakiwa hai. Fedha nyingi za kumalizia nyumba hazitoki benki. Zinatoka kikoba, saccos, mchezo wa kazini, na wakati mwingine mikopo ile ya kausha damu ambayo riba yake haina huruma. Mkopaji kwenye vitabu ni mtu mmoja, mara nyingi mwanamke, kwa sababu ndiye mwanachama. Ndoa ikivunjika, mume anabaki chini ya bati, mke anabaki na marejesho. Wanakikundi hawana habari na ugomvi wenu, wanataka hisa na riba zao Jumamosi.

Kifungu cha 114 kimelitaja deni waziwazi: lile lililokopwa kwa manufaa ya wote wawili lizingatiwe katika mgawanyo. Kwa hiyo deni la plasta si la binamu yangu peke yake, japo jina ni lake. Halipaswi kuletwa mwishoni kama malalamiko. Liwekwe mezani mwanzo kabisa, pamoja na nyumba, na litolewe kwenye thamani kabla ya kugawana, au mgao wa anayelilipa uongezwe kwa kiasi hicho. Nimesikia wasuluhishi wakisema "madeni kila mtu abebe yake". Inasikika kama haki. Lakini ukifanya hivyo wakati paa linabaki upande mmoja, umemtwisha mtu mzigo uliokwisha kuwa paa la mwenzake.

Bado kuna kipindi ambacho sheria haikukieleza neno kwa neno, na ambacho watu wa Dodoma wanaishi ndani yake kwa miaka. Mmoja ameondoka. Talaka haijatoka. Nyumba inaendelea kuzeeka, au inaendelea kujengwa. Nani analipa?

Kinachotakiwa kwanza ni kujua lini mmoja aliondoka, na nyumba ilikuwaje siku hiyo. Naomba tuutie mkazo huo mwezi na mwaka, kwa sababu nimeona hila. Mke anaondoka nyumba ikiwa na sakafu ya saruji. Miezi minne baadaye mume anaweka marumaru, anabandika jipsamu darini, anabadilisha mabati kuwa ya msauzi. Kisha anasimama mbele ya hakimu na risiti mpya zinazong'aa, akisema nyumba hii karibu yote nimeijenga mimi. Maboresho ya hiari yaliyofanywa baada ya mwenzako kuondoka, bila kumuuliza, uyabebe mwenyewe. Ukipata mgao wa nyumba utayafaidi humo. Usiyatumie kumsukumia mwenzako pembeni ya kile alichokwisha kuweka.

Matengenezo ya lazima ni jambo jingine. Upepo wa hapa kwetu mnaujua. Ukiezua bati sita mwezi wa tisa, na mvua ikikaribia, aliyebaki hana muda wa kungoja tarehe ya mahakama. Choo kikijaa, ukuta ukipasuka, nyaya zikiungua, anayeokoa nyumba anaiokoa kwa ajili ya wote wawili, kwa hiyo gharama iwe ya wote wawili. Isipokuwa tu, na hili ni la haki, kama anakaa bure humo au anapangisha vyumba na kula kodi peke yake. Hapo kodi ndiyo itengeneze choo kwanza. Huwezi kuvuna nyumba ya wawili halafu bili ya fundi ukampelekea aliyelala kwa dada yake.

Na kuna sura ya tatu, ambayo ndiyo inayonigusa zaidi. Mume anaondoka, anaanza maisha kwingine, labda Singida, labda mtaa wa pili tu. Mke anabaki na watoto. Hana matunzo yanayofika. Anajenga uzio kwa sababu ya wezi, kisha anainua vyumba viwili uani, anapangisha wanafunzi wa chuo, kodi inakuwa ada ya shule. Miaka sita baadaye mume anarudi na maneno ya "mali ya ndoa", anataka nusu ya vyumba pia, kwa kuwa talaka haikuwahi kutoka. Kisheria ndoa ilikuwepo, ndiyo. Lakini mchango ndio unaopimwa, na mchango wake katika vyumba vile haupo. Mahitaji ya watoto nayo yanapimwa, na vyumba vile ndivyo vilivyowasomesha. Nikiwa msuluhishi ningemwambia mume huyo bila kuzunguka: ulichoweka kabla hujaondoka tutakihesabu hadi senti; kilichoinuliwa na mwenzako ukiwa haupo, si chako.

Ndivyo ingekuwa pia kwa mwanaume. Sheria imesema "mwenzake", haikusema mke. Namfahamu mwalimu mmoja wa Kondoa aliyehamia nyumba aliyorithi mkewe, akaiezeka upya kwa mkopo wa mshahara, akachimba na kisima. Walipoachana aliona aibu kudai, kwamba mwanaume hadai ukweni. Makato ya mshahara wake hayakuona aibu. Alikuwa na haki ya kudai kama binamu yangu, na ningesimama upande wake kwa maneno haya haya.

Ugumu mkubwa zaidi unakuja pale kiwanja si cha mume wala cha mke, bali cha wazazi. Vijiji vilivyokuwa nje ya mji, Ihumwa, Nala, Mkonze, vimekuwa mitaa ya jiji, na familia zina maeneo makubwa ya zamani. Baba mkwe anasema, "Jengeni hapo, wanangu." Hakuna karatasi. Wanandoa wanajenga nyumba ya vyumba vitatu. Siku wanaachana, baba mkwe, au kaka wa mume baada ya mzee kufariki, anakuja kusema eneo ni la ukoo. Na mahakama haiwezi kumgawia mtu mali ya asiyehusika na ndoa. Mke anatoka na watoto, nyumba inabaki kuwa "ya ukoo", na baada ya mwaka mume yuko ndani yake na mke mwingine.

Kwa hili sina dawa ya baada ya ugonjwa. Iko ya kabla. "Jengeni hapo" lazima igeuke kuwa karatasi siku ile ile, kabla ya msingi: mzee anaandika kwamba amewapa eneo la hatua kadhaa kwa kadhaa, majina ya wote wawili, mashahidi wa pande zote mbili, muhuri wa serikali ya mtaa. Mzee anayekataa kuandika hivyo amekuambia jambo muhimu kuhusu nyumba unayotaka kuijenga, nawe umsikilize. Naijua heshima inayomzuia mkwe kuomba karatasi. Niliwahi kuwa mkwe. Mshenga atumwe, kama alivyotumwa wakati wa kupanga ng'ombe wa mahari. Kama ng'ombe walihesabiwa mbele ya mashahidi, hatua za kiwanja nazo zihesabiwe.

Wale wa "sogea tuishi" nao wasidhani wako nje ya haya. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawatambua kuwa mke na mume, ichukuliwe kwamba wameoana, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Na hata dhana hiyo ikivunjwa mahakamani, mlango wa kuomba nafuu nyingine haufungwi. Kwa hiyo anayesema "huyu sikumuoa" baada ya miaka tisa ya kuvuta saruji pamoja, maneno hayo hayamalizi kesi.

Linalomaliza kesi za watu wengi ni kutokwenda. Tunasema "wameachana", tukimaanisha kila mtu analala kwake. Mahakama haigawi mali kwa kulala mbalimbali. Inagawa inapotoa talaka au amri ya kutengana, au baada ya hapo. Hata kwa Waislamu, mume akishatoa talaka nyumbani, mali bado zinahitaji kupitia mahakamani. Na kabla ya mahakama lazima, isipokuwa kwa sababu maalumu, mpite baraza la usuluhishi wa ndoa, la kata au la dini yenu, litoe hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo, haihitaji wakili wa gharama. Lakini mtu anakaa miaka mitano akisubiri mwenzake apate huruma, huku nyumba inauzwa chumba kwa chumba. Na kuuza nako si huru hivyo: nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, ndivyo kifungu cha 59 kinavyosema, na mwenzi anaweza kuweka zuio kwenye hati. Aliyeondoka na begi leo aende akaulize kuhusu zuio kesho asubuhi, kabla ya kuuliza kuhusu mgao.

Kuna wanaoniambia kuandika gharama ndani ya ndoa ni kuialika talaka. Nawaelewa, na sikubaliani nao. Wazee wetu walijua ng'ombe yupi ni wa mahari ya nani na ndama yupi amezaliwa na nani, na ndoa zao zilidumu. Daftari halimwambii mume kwamba nitaondoka. Linasema kazi yangu ilikuwepo. Hata mjane atalihitaji, siku ndugu wa marehemu watakapokuja na mita ya kupimia uwanja.

Binamu yangu hakukubali milioni saba. Baraza lilitoa hati kwamba usuluhishi umeshindikana, naye ameshafungua shauri. Fedha za kikoba alimaliza kulipa mwezi wa nne. Wiki iliyopita tulikwenda pamoja Majengo kumtafuta fundi aliyepaua, mzee wa makamo ambaye sasa anauza mbao. Alimtambua mara moja. Alichukua kaunta buku, akavaa miwani, akapitisha kidole ukurasa wa kwanza, akasimama kwenye mstari wa bati.

"Arobaini na sita," alisema. "Mbili zilibaki, tukazifanyia banda la kuku. Na mama ndiye alikuwa anatupandishia maji." Ameomba tarehe ya kesi tumtumie kwa meseji mapema, ili siku hiyo asifungue duka.